Huyu Hachomwi

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu wa dirisha la dawa, hamjambo? Nashukuru wazazi nao wamefika, hata wa Pangani.

Nianze na cheti kimoja cha dawa nilicholetewa zamani, kituo sikitaji. Mtoto wa miaka sita. Uzito haukuandikwa. "Himofilia, goti limevimba." Chini yake: diklofenaki, sindano ya tako. Himofilia ni ugonjwa wa damu isiyoganda sawasawa. Aliyeandika ugonjwa kaujua, kautaja kwa mkono wake, kisha kaandika madhara mawili kwa mpigo! Diklofenaki, dawa hiyo ya maumivu, huzuia chembe sahani, zile za damu zinazoziba jeraha, zisishikane. Sindano nayo hutoboa msuli, damu ikavujia ndani, tako likawa gumu kama jiwe. Nami nilishafungua boksi. Bibi yake ndiye aliyenishika mkono: "Mwanangu, huyu hachomwi."

Goti lile lilitaka fakta, protini ya kugandisha damu. Ipi sasa? Mwenye himofilia A amepungukiwa fakta 8, wa B fakta 9, na hesabu zao haziendi sawa. Yuniti moja ya fakta 8 kwa kila kilo ya mgonjwa hupandisha kiwango chake kwenye damu kama asilimia 2. Ya fakta 9, asilimia 1 hivi. Mtoto wa kilo 20, ukitaka umpandishe asilimia 40, wa A atahitaji yuniti 400, wa B 800. Ndiyo maana nikiona cheti hakina uzito nakirudisha, mnisamehe. Na kama kichupa ni cha 500, usipime 400 ukamwaga 100. Mpe yote. Dawa ghali hii, haioshi sinki.

Halafu kichupa hakitikiswi. Kizungushe taratibu kiganjani, hivi, mpaka unga uyeyuke bila povu.

Maumivu? Panadol, na barafu. Ya wauza samaki wa Deep Sea inafaa, ila ifunge kwenye kanga, usiiweke juu ya ngozi. Aspirini hapana kabisa.

Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia bonge la damu lisiyeyuke, naipenda kwa damu ya fizi na pua. Lakini mkojo ukiwa mwekundu usiiandike. Bonge la damu litaziba njia.

Naam, mama wa kule nyuma, nimekusikia: jando. Kama kwa wajomba zake mtoto yuko aliyetoka damu isiyokatika, kwa ngariba asiende. Apimwe kwanza. Akikutwa na himofilia, atahiriwe hospitali, fakta ikiwa imeshaingia mshipani, na nyingine ya siku zinazofuata iwe tayari kwenye friji.