Bakuli, Ramani na Eneo la 94 la Virginia

Wazee wangu shikamooni, nanyi wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa Marekani, na najua wengi mlitarajia nianze na mbio za urais. Leo tubaki Newport News, mji mrefu mwembamba uliolala kando ya mto James, mwambao wa jimbo la Virginia, wenye kiwanda kinachounda meli kubwa za kubeba ndege za kivita. Katikati ya mji huo palikuwa na eneo la uchaguzi lenye namba 94. Kwa majuma kadhaa, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, dunia nzima ililitazama. Mimi nadhani ilitazama mahali pasipostahili.

Kwanza tuelewane kuhusu bunge la jimbo, ambalo eneo hilo lilipeleka mjumbe wake. Virginia ina Seneti yenye watu 40 na Baraza la Wajumbe lenye watu 100. Kila mjumbe anatoka katika eneo moja na anakaa miaka miwili. Uchaguzi wao hufanyika mwaka kabla au mwaka baada ya ule wa rais, haukutani nao kabisa, na ndiyo maana watu wengi husahau kwenda kupiga kura. Wanasahau uchaguzi unaowagusa hasa. Fedha za shule anazosoma mtoto wako, sheria za jinai, nani apate Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na nani akose, mambo hayo huamuliwa Richmond, makao makuu ya jimbo.

Bunge hilo lina asili ya zamani kuliko nchi yenyewe. Lilikutana mara ya kwanza Jamestown, Julai 1619. Mwezi uliofuata meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, ambapo leo ni Hampton, mji jirani na Newport News. Ilikuwa na Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola, nao wakabadilishwa kwa chakula. Naomba myaweke mambo hayo mawili pamoja, bunge na meli, kwa kuwa historia ya kura katika mwambao ule, kwa karne tatu na zaidi, ni historia ya nani ahesabiwe na nani asihesabiwe.

Baada ya utumwa kufutwa, wanaume weusi walipiga kura na wakachaguliwa. Kisha ikaja katiba ya 1902, iliyotungwa makusudi kuwaondoa. Ilileta kodi ya kichwa ya dola 1.50 kwa mwaka, na ili upige kura ulitakiwa uwe umelipa miaka mitatu, miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. Dola 4.50 kwa mfanyakazi wa ndani au mbeba makaa ya mawe bandarini si pesa ndogo, na anayefikiria kura miezi sita mapema ni nadra. Maskini weupe nao walifagiwa humo humo. Aliyesaidia kuivunja kodi hiyo ni Evelyn Butts, fundi cherehani wa Norfolk, ng'ambo ya maji kutoka Newport News. Alifungua kesi 1963, ikaunganishwa na ya Annie Harper na wenzake, na Machi 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba haki ya kupiga kura haiwezi kufungwa kwa pesa. Mama yule alikuwa mshona nguo. Kila nikitaja jina lake mbele ya watu wanaoniambia siasa ni ya wasomi, nalitaja taratibu, walisikie vizuri.

Kodi ilikwenda, ramani ikabaki. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, maeneo mengi ya Virginia yalichagua wajumbe kadhaa kwa pamoja, hivyo walio wachache mjini walimezwa na walio wengi. Kwa msukumo wa mahakama na Wizara ya Sheria ya Marekani, kuanzia uchaguzi wa 1982 Virginia iligawanywa katika maeneo 100 yenye mjumbe mmoja mmoja. Eneo la 94 likawa la Newport News. Kwa muda mrefu lilishikwa na Alan Diamonstein, Mdemokrat aliyekuwa bungeni tangu miaka ya 1960. Alipoondoka 2002 akaingia Glenn Oder, Mrepublican, ambaye mwaka 2011 alijiuzulu akaenda kuongoza mamlaka inayosimamia Fort Monroe, ngome iliyojengwa pale pale Point Comfort. Nafasi ikachukuliwa na Mrepublican mwenzake, David Yancey.

Mwaka 2015 Yancey alipambana na Shelly Simonds, Mdemokrat aliyekuwa katika bodi ya shule za mji, akamshinda vizuri. Mwaka 2017 Simonds akarudi. Warepublican walikuwa na viti 66 kati ya 100, na hakuna aliyetabiri kwamba ngome hiyo ingetikisika. Usiku wa Novemba Wademokrat walinyakua viti 15. Hesabu ilipotulia, Warepublican walikuwa wanaongoza 51 kwa 49, na Eneo la 94 liliwapa Warepublican ushindi wa kura 10 tu. Kiti kile kikigeuka, baraza linakuwa 50 kwa 50.

Simonds akaomba kura zihesabiwe upya. Tarehe 19 Desemba, baada ya kutwa nzima ya kupekua karatasi, matokeo yakageuka: Simonds 11,608, Yancey 11,607. Kura moja. Watu wakamwita mjumbe mteule, wakampigia simu za pongezi.

Kesho yake majaji watatu waliosimamia zoezi hilo walikaa kuthibitisha matokeo, na mbele yao ikaletwa karatasi moja. Nataka muione karatasi hiyo. Mpiga kura alijaza kiduara cha Simonds, akajaza na cha Yancey. Kisha, juu ya kiduara cha Simonds, akapitisha mstari mmoja wa mshazari. Kwenye nafasi ya gavana alijaza kiduara cha Ed Gillespie, Mrepublican, lakini hapo nako akaweka alama ya X. Kwingine kote alichagua Warepublican. Siku iliyotangulia, wahesabuji wa vyama vyote viwili walikubaliana kwamba kura hiyo imeharibika. Kisha mmoja wao, wa upande wa Yancey, akabadili mawazo na kuwaandikia majaji. Majaji wakaitazama, wakasema mstari ule ni wa kufuta, na nia ya mpiga kura ni kumchagua Yancey. Matokeo yakawa 11,608 kwa 11,608.

Wapo wanaosema majaji walipendelea. Mimi sikubaliani nao. Walikuwa na karatasi iliyochorwa na binadamu, na sheria ya Virginia inawataka watafute nia. Unaweza kuisoma kinyume na walivyoisoma, lakini kuisoma kulikuwa ndiyo kazi yao. Kinachonisumbua ni kwamba karatasi iliyokwisha kupitishwa na pande zote ilifunguliwa tena baada ya matokeo kujulikana, wakati kila mtu alikwisha jua kura moja ina thamani gani.

Sheria ya Virginia inasema wakilingana, mshindi apatikane kwa bahati. Njia hiyo ilishawahi kutumika 1971. Basi Januari 4, 2018, jijini Richmond, mbele ya kamera zisizohesabika, Bodi ya Uchaguzi ya jimbo ilikutana. Waliazima bakuli la udongo kutoka makumbusho ya sanaa ya jimbo, kazi ya mfinyanzi Steven Glass. Majina mawili yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi, kila kimoja kikatiwa ndani ya kikopo cha plastiki, vile vya kuhifadhia filamu za kamera za zamani, vikatumbukizwa bakulini na kuchanganywa. Mwenyekiti wa bodi, James Alcorn, akachomoa kimoja. David Yancey. Warepublican wakabaki na 51 kwa 49, na wiki iliyofuata Kirk Cox wa chama hicho akawa spika.

Bakuli hilo ndilo lililoonyeshwa duniani kote. Watu walicheka, wengine wakasikitika, wakasema demokrasia imekuwa kamari. Lakini miezi michache baadaye, Mei 2018, gazeti la Washington Post lilichapisha jambo ambalo kwangu ni zito kuliko bakuli. Katika kituo kimoja cha Newport News chenye wakazi wengi weusi, wapiga kura 26 waliokuwa wakaaji wa Eneo la 94 walipewa karatasi za Eneo la 93. Waliamka, wakajipanga mstarini, wakaonyesha vitambulisho, wakapiga kura kwa uhalali wote, na kura zao zikaenda katika kinyang'anyiro cha jirani, ambako mshindi alishinda kwa tofauti kubwa. Kituo chenyewe kilikuwa kimewapigia Wademokrat kwa wingi. Hakuna aliyewazuia mlangoni wala kuwadai kodi. Kwenye daftari, nyumba zao ziliwekwa upande usio wao wa mpaka.

Kura 26, katika uchaguzi uliolingana. Sijui mnasikiaje mnaponisikia nikisema hivyo. Mimi bado inaniuma.

Na tukifuata mpaka tunafika kwenye ramani ya 2011. Bunge lilipochora mipaka mwaka ule, liliweka kanuni kwamba maeneo 12 lazima yawe na angalau asilimia 55 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura. Inasikika kama wema. Matokeo yake ni kwamba wapiga kura weusi wanarundikwa katika maeneo machache ambayo wangeshinda hata bila msaada, na maeneo ya jirani yanabaki na wapiga kura weusi pungufu. Moja ya yale 12 ni Eneo la 95, lililoanzia Hampton na kunyoosha mkono hadi ndani ya Newport News. Wakazi wakafungua kesi, inajulikana kwa jina la Bethune-Hill. Juni 2018 majaji wa shirikisho, wawili kwa mmoja, waliamua kwamba maeneo 11 yalichorwa kwa misingi ya rangi kinyume cha katiba. Mahakama ikamteua mtaalamu, Bernard Grofman, achore upya. Baraza la Wajumbe likakata rufaa, na Juni 2019 Mahakama Kuu ya Marekani, tano kwa nne, ikasema baraza peke yake halina haki ya kuileta rufaa hiyo. Ramani mpya ikasimama.

Ukigusa mpaka mmoja, majirani nao wanasogea, na ramani hiyo iliwafikia Newport News. Novemba 2019 Simonds na Yancey walikutana mara ya tatu. Safari hii hapakuwa na bakuli wala majaji: Simonds alishinda wazi. Wademokrat walipata viti 55 na Eileen Filler-Corn akawa mwanamke wa kwanza kuwa spika tangu 1619. Baraza hilo lilifuta adhabu ya kifo mwaka 2021, Virginia ikawa ya kwanza kufanya hivyo miongoni mwa majimbo ya kusini.

Ila nisiwafiche kitu kimoja, kwa sababu kinapunguza makali ya hadithi yangu. Kikao kile cha 2018, kilichotokana na bakuli, ndicho kilichopitisha upanuzi wa Medicaid uliokuwa umekwama kwa miaka. Warepublican wameachiwa kiti kimoja tu cha wingi, wengine wakawasikiliza wapiga kura wao, na 19 kati yao wakaungana na Wademokrat wote 49. Kuanzia Januari 2019 mamia ya maelfu ya watu walipata bima ya afya. Nawataja kwa sababu baadhi yenu hapa ukumbini mmetibiwa kwa bima hiyo, au wazazi wenu. Kura zile 11,608 za upande ulioshindwa hazikupotea bure.

Sasa, ramani imebadilika tena. Mwaka 2020 wananchi walipitisha mabadiliko ya katiba, kazi ya kuchora mipaka ikapewa tume ya watu 16, nusu wabunge na nusu raia wa kawaida. Tume ikakwama 2021, wakashindwa kuelewana, na Mahakama Kuu ya Virginia ikawaita wataalamu wawili, Grofman yule yule na Sean Trende. Katika ramani yao namba zimehamishwa. Tangu uchaguzi wa 2023 Eneo la 94 liko Norfolk. Simonds anawakilisha Eneo la 70. Kwa hiyo wewe uliyekula kiapo cha uraia miaka sita iliyopita na unaikumbuka namba ya kwenye kadi yako ya mpiga kura, usiitegemee. Angalia upya kwenye tovuti ya idara ya uchaguzi ya jimbo, au nenda ofisi ya msajili wa wapiga kura ya mji wako. Taja nyumba na mtaa, uulize eneo gani, kituo gani. Wakikujibu kitu ambacho jirani wa mlango wa pili hakuambiwa, uliza tena, na fanya hivyo Septemba, usingoje Novemba.

Kabla sijakaa, kijana pale nyuma ameuliza swali wakati wa chai nami nilimwahidi nitalijibu mbele ya wote: ukikosea ukajaza viduara viwili, ufanye nini? Usichore mstari. Usiandike maelezo pembeni. Kabla hujaiingiza karatasi kwenye mashine, mrudishie msimamizi, mwambie umeiharibu, naye atakupa nyingine. Ni haki yako, na mtu asikuharakishe.