Kadi Nne na Gereza la Sokrates: Kufundisha Kuhoji kwa Vikundi

Walimu wenzangu, kabla ya nadharia yoyote, nawaomba mfikirie kadi nne zilizolazwa mezani. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Sisi tunaona E, K, 4 na 7. Mtu anadai: "Kadi yenye irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa." Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama dai hilo ni kweli? Nawapa nusu dakika, na msiulizane.

Wengi mmesema E na 4. Hilo ndilo jibu la wengi tangu Peter Wason wa Uingereza alipolitunga fumbo hili katika miaka ya 1960. Jibu sahihi ni E na 7. Kadi ya 4 haiwezi kulivunja dai: hata ikikutwa na konsonanti nyuma, hakuna aliyesema konsonanti hairuhusiwi kukaa na shufwa. Lakini ukigeuza 7 ukakuta A, dai limeanguka palepale.

Sasa hapa ndipo penye somo letu. Mwaka 1998, David Moshman na Molly Geil waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani fumbo la aina hii. Kati ya waliokaa peke yao, waliopata walikuwa asilimia 9 tu. Kati ya vikundi vya watu 5 au 6, asilimia 75 vilipata. Na wala si kwamba kila kikundi kilikuwa na mjuzi mmoja aliyewaamulia wenzake, kwa kuwa vimo vilivyofika kwenye jibu sahihi bila hata mmoja wao kuanza nalo. Kilichotokea ni kwamba mtu aliyesema "4" aliulizwa "kwa nini?", akalazimika kutoa sababu kwa sauti, na ilipotoka ikaonekana haisimami. Sababu iliyobaki kichwani haina wa kuihoji.

Naamini huu ndio moyo wa kufundisha falsafa. Lakini tusidanganyike kwamba kusogeza madawati kunatosha. Mkikaa sita kuzunguka karatasi moja, mmoja ataandika, mmoja atamwangalia anayeandika, na wanne watasubiri kengele. Ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota, David na Roger Johnson, wamelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi: pawepo kutegemeana, yaani siwezi kumaliza kazi bila kile ulicho nacho wewe, na pawepo kuwajibika kwa kila mmoja, yaani mwisho wa kipindi nitapimwa peke yangu. Likikosekana la kwanza, kila mtu anafanya lake. La pili likikosekana, wanatokea wabebaji na wabebwa.

Niwaonyeshe kipindi kimoja, cha dakika 80, kinachofuata njia yao wanayoiita mabishano yenye kujenga. Mada ni ya zamani sana. Mwaka 399 K.K. Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, amehukumiwa kifo Athens, yuko gerezani. Alfajiri rafiki yake Kriton anamjia na mpango wa kumtorosha: fedha ipo, mlinzi hana shida, na Thessaly, mbali kaskazini mwa Athens, kuna marafiki watakaompokea. Je, atoroke? Plato, mwanafunzi wa Sokrates, ameandika mazungumzo yao, na hoja zake zinatosha kwenye ukurasa mmoja kila upande.

Gaweni wanafunzi wanne wanne, na ndani ya wanne, jozi mbili. Wanne kwa sababu wakiwa sita mtu anapata pa kujificha. Si lazima kuhamisha chumba kizima. Dawati la mbele ligeuke liangalie la nyuma. Darasa la 66 litatoa vikundi 15 vya wanne na viwili vya watatu; kwenye watatu, anayesimama peke yake awe yule anayesoma haraka. Jozi ya kwanza ipewe hoja za Kriton tu, ya pili za Sokrates tu, karatasi moja kwa jozi. Ukiwapa wote karatasi zote mbili, kutegemeana kumekwisha kabla ya kuanza.

Dakika 5 za kwanza ni za ukimya. Kila mmoja aandike kwenye daftari lake msimamo wake na sababu moja. Msiziruke hizi dakika tano hata kama mmechelewa kuingia darasani. Bila hizo, anayesema kwanza ndiye anayeamua, na mara nyingi ni yuleyule kila siku.

Dakika 15 zinazofuata, jozi inaipasua kila hoja iwe sababu, sababu, hitimisho. Hapa kaeni nao karibu. Kriton anasema: "Ukifa, watu watasema sisi rafiki zako tulipenda fedha kuliko wewe. Kwa hiyo toroka." Mwanafunzi ataandika mistari miwili hiyo na kuridhika. Mwulize: ni nini kinachoiunganisha ya kwanza na ya pili? Mwache ahangaike, usimsaidie. Baada ya dakika moja au mbili ataandika katikati: "Tutende kwa kuangalia watu watasemaje." Hiyo ndiyo nguzo iliyofichwa, yaani sababu ambayo hoja inaiegemea bila kuitaja. Ikishaandikwa kwa wino, yeye mwenyewe ataanza kuitilia shaka, na hapo ndipo Sokrates anapojibu kwamba mtu anayefanya mazoezi ya mwili hafuati sifa wala lawama za kila mpita njia, anamsikiliza anayeujua mwili.

Kisha dakika 10 za kuwasilisha, tano kila jozi, bila kukatizwa. Wanaosikiliza wanaandika. Halafu dakika 12 za kupinga, kwa sharti moja ambalo siku ya kwanza litawachosha wote: kabla hujapinga, sema upya hoja ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe akubali, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Nusu ya ubishi utaisha hapo, maana ulikuwa ubishi juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Hapa linaingia suala la adabu, na si dogo. Watoto wetu wamelelewa na "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na kumwambia mwenzako amekosea kunasikika kama kumvunjia heshima, hasa akiwa amekuzidi umri. Wapeni maneno ya kusema, muyaandike ubaoni: "Nguzo yako ya pili siioni." "Ukisema hivyo, si itafuata kwamba…?" "Mfano wa kinyume ni huu." Maneno haya yanaigusa hoja na kumwacha mtu salama. Bila hayo, wapole watanyamaza, na kwenye madarasa mengi wasichana ndio watakaonyamaza kwanza.

Dakika 10, wanabadilishana upande. Waliomtetea Kriton sasa wanamtetea Sokrates. Kosa la hapa ni moja na hujirudia: wanautetea upande mpya kwa dhihaka. Dawa yake ni kuwadai sababu moja mpya ambayo jozi ya kwanza haikuitoa. Huwezi kupata sababu mpya ya kitu unachokicheka.

Dakika 15, pande zinavunjwa. Wanne wanaandika hitimisho moja, na chini yake pingamizi kali kuliko yote lililobaki, pamoja na jibu lao. Watakaowapa shida ni wale wanaoandika, "Kila mtu ana maoni yake." Msiupokee mstari huo. Unafunga mazungumzo kwa sauti ya heshima, lakini hakuna aliyefikiri. Waulizeni: sababu ipi ingewafanya mbadilishe maoni hayo?

Kwa kidato cha chini, anzeni na methali badala ya Athens. "Haraka haraka haina baraka" apewe mmoja, "Ngoja ngoja huumiza matumbo" apewe mwingine, na kazi yao iwe kutaja hali tatu ambamo kila methali ni kweli na hali moja ambamo inapotosha. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyewahoji wazee wenye hekima nchini Kenya, alitofautisha mzee anayezijua hekima za jamii yake na mzee anayezipima kwa akili yake. Zoezi hili la dakika 20 linamvusha mwanafunzi kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Na waacheni wajadili kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Anayetafuta neno hawezi wakati huohuo kutafuta kasoro ya hoja.

Mtauliza juu ya njia ya vipande, ile Elliot Aronson aliyoianzisha Austin, Marekani, mwaka 1971, ambapo kila mwanafunzi anajifunza kipande na kuwafundisha wenzake. Ni nzuri kwa historia ya falsafa. Kwa hoja moja haifai, maana hoja ukiikata vipande umeua kile hasa ulichotaka kionekane, yaani jinsi sababu inavyoshika hitimisho.

Dakika 13 zilizobaki ni za mtihani mdogo, kila mtu na karatasi yake, bila kunong'ona. Msitoe alama ya kikundi kamwe. Wapeni hoja ngeni yenye kasoro ya aina ileile: "Wazazi wote wa kijiji wanasema shule ihamishiwe ng'ambo ya mto. Kwa hiyo ihamishwe." Waambieni waandike nguzo iliyofichwa, kisha mfano mmoja unaoiangusha. Jioni, gawanyeni karatasi mafungu matatu: walioiona nguzo na kuiangusha, walioiona tu, na ambao hawakuiona. Fungu la tatu ndilo litakalowaambia vikundi vya wiki ijayo vipangwe vipi: msiwaweke wawili wa fungu hilo kwenye jozi moja.