Ng'ambo ya Unguja: Nyumba Yako, Kiwanja cha Mwenzako

Bi Zuhura: Assalamu alaykum, wasikilizaji. Maalim Haji, watu hupita Darajani kila siku wala hawaoni daraja. Lilikuwa wapi?

Maalim Haji: Wa alaykumu salaam, Bi Zuhura. Mji Mkongwe ulitenganishwa na upande wa mashariki kwa hori la bahari lililojaa na kupwa, na aliyekaa upande wa pili aliitwa mtu wa ng'ambo. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, na kipande cha mwisho kikamalizika mwaka 1957. Ukilielekea leo soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, mgongoni kwako ndiko yalikokuwa maji.

Bi Zuhura: Na huko ng'ambo palikuwa mashamba?

Maalim Haji: Majina ya mitaa yanatosha kuwa ushahidi: Miembeni, Michenzani, Kikwajuni, Mwembeladu. Walihamia huko mafundi, wachukuzi na wavuvi, na baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuufuta utumwa wakaongezeka walioachwa huru. Walijenga nyumba za miti na udongo, wakaezeka makuti. Tatizo, na kwangu ndilo kiini cha historia ya Ng'ambo yote, ni kwamba nyumba ilikuwa ya aliyeijenga, lakini kiwanja kilikuwa cha mwenziwe.

Bi Zuhura: Yaani mtu aliweza kuuza nyumba asiweze kuuza ardhi iliyo chini yake?

Maalim Haji: Ndivyo. Boriti, mlango na makuti vilikuwa vyake, ila kwa kule kukaa tu alidaiwa kodi ya kiwanja. Kodi hizo zilipopandishwa katika miaka ya 1920, wenye nyumba walikataa kulipa, na mwaka 1928 mgomo ukaitikisa Ng'ambo nzima. Ndiyo maana siwaafiki wanaosema kuwa siasa za Unguja zilianza na vyama.

Bi Zuhura: Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964.

Maalim Haji: Ardhi ikawa mali ya Serikali. Chini ya Mzee Abeid Amani Karume, wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora ramani mpya ya mji mwaka 1968, na majumba marefu ya Michenzani yakapangwa kando ya barabara mbili zinazokatana. Nyumba za udongo zilizokuwa njiani zilivunjwa.

Bi Zuhura: Marehemu bibi yangu alihamishiwa ghorofani huko. Bomba la maji alilifurahia, lakini baraza aliikosa, basi kila baada ya alasiri alishuka na mkeka wake, akautandika chini ya ngazi, na majirani wakamfuata.

Maalim Haji: Wachoraji hawakuiweka baraza katika ramani. Sasa mji umeenea hadi Fuoni na Tomondo, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, hata Ng'ambo imejikuta katikati ya mji.

Bi Zuhura: Na mikeka ile bado hutandikwa, Maalim. Niliiona juzi tu.