Kabla ya moto, ukavu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, karibuni sana.

Nimeombwa nieleze namna ya kuyeyusha alumini chakavu na kuisubu nyumbani, yaani kuimimina kwenye kalibu, chombo chenye umbo unalotaka, igandie humo. Wengi mmekuja na maswali ya moto: jiko liweje, mkaa kiasi gani, feni gani. Moto si kazi ngumu. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, na mkaa wetu ukipulizwa vizuri unapita hapo. Mimi nataka tuzungumze maji, maana ndiyo yanayoumiza watu.

Hapa Dar es Salaam hewa yenyewe ni mbichi, na masika yakiingia hata kilicho ndani hakikauki. Sasa tone la maji likifunikwa na alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unataka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. Ukikosa pa kutokea, unairusha alumini juu, na aliyeinamia chungu cha kuyeyushia ndiye anayeipokea usoni.

Chukueni kopo la soda lililokanyagwa. Kwa nje kavu kabisa. Ukilifumua kwa bisibisi, kwenye mkunjo unakuta soda bado inanata. Hilo ukilitumbukiza kwenye chungu kilichokwisha yeyuka, umejitafutia balaa. Kwa hiyo skrepa, yaani hiyo alumini chakavu, ipasuliwe kwanza, kisha ipashwe pembeni ya jiko mpaka ikauke. Koleo pia, na kijiko cha kuondolea taka, na kalibu kama ni ya chuma. Shokapu, au chochote kilichozibwa pande zote, usikitie hata kidogo.

Usimiminie juu ya sakafu ya saruji. Saruji inashika maji ndani, ikimwagikiwa inaruka vipande. Tandaza mchanga mkavu, unene wa kutosha, ufanyie kazi hapo. Nje, tafadhali, si chumbani. Hewa ya mkaa inaua. Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, suruali ya pamba ishuke juu ya kiatu, miwani. Ndala hapana.

Jambo jingine linanikosesha usingizi, kwa sababu wengi wetu tumepanga nyumba za uani na watoto wanapita pita. Chuma cha moto kinawaka chekundu, mtoto anakiogopa. Alumini mchana, hata ikiwa imeyeyuka, inabaki na weupe wake wa fedha. Hakuna kinachomwonya. Watoto wakiwa uani, usiwashe.

Mkichagua mali, pistoni na silinda hedi ndizo nzuri. Zina silikoni, zinajaza kalibu mpaka kwenye kona. Makopo ni membamba, mengi yanaishia kuwa taka. Na msisubu sufuria za kupikia kwa skrepa msiyoijua ilikotoka, maana madini ya risasi yanaweza kuwemo na yakaingia kwenye chakula.

Unyevu unaharibu hata kazi yenyewe. Alumini ya moto inanyang'anya hidrojeni kwenye maji, inaimeza, halafu ikiganda inaitema, na vinabaki vitundu. Sogeeni mezani. Vipande hivi viwili ni vya pistoni za aina moja, nimevikata kwa msumeno. Kimoja kilisubiwa kwa skrepa iliyopashwa, kingine kwa iliyolowa. Piteni na ukucha juu yake, mtasikia tofauti, kisha wenye majiko tayari waanze maswali.