Kikwapa: Kwa Nini Ninashona na Kuvaa Kanzu za Wazee

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele.

Nimeombwa nieleze nilivyoingia katika mapenzi haya ya kushona kanzu za kizamani na majoho, na kwa nini navaa ninachoshona badala ya kukitundika ukutani. Kilichoniteka ni kikwapa.

Siku moja nilifumua kanzu kuukuu ya marehemu babu, nikavitandaza vipande vyake sakafuni. Karibu vyote vilikuwa vimekatwa kwa mistari iliyonyooka. Badani, mbele na nyuma. Ubavuni taharizi, zinazopanuka kwenda chini ili mtu apige hatua bila kubanwa. Na chini ya mkono, pale tunapopapita bila kupaangalia, kijipande cha pembe nne kilichogeuzwa upande: kikwapa. Fundi yule hakutupa hata kiraka. Kitambaa kilikuwa ghali, nacho kilipita katika vidole vingi kabla hakijafika kwake.

Nikashona ya kwangu kwa mtindo ule, nikaenda nayo msikitini. Kanzu nyingi za siku hizi hukatwa mkono kama wa shati. Ukiinua mikono kutoa takbira, vazi zima linapanda nawe. Ile yenye kikwapa hutulia. Mikono inakwenda juu, pindo linabaki chini, mabega hayavutwi. Hapo ndipo nilipoelewa ule utulivu wa wazee katika picha za kale. Sehemu yake ni tabia, na sehemu yake, naamini kabisa, ni ukataji wa kitambaa. Jambo hilo hulijui kwa kutazama picha. Lazima uvae.

Tangu hapo nikaanza kurudi nyuma zaidi. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa mavazi ya wenyeji: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni mahali pa suruali, kanzu ya kitani cha Misri yenye tarizi, vazi la juu lenye bitana la kitambaa cha Kudusi, yaani Yerusalemu, na kilemba cha Misri. Tazameni ni nchi ngapi zilikutana katika mwili wa mtu mmoja! Kwa hiyo anayeniambia kwamba vazi letu la asili ni kanzu nyeupe tupu, namwomba asome tena. Karne ya 19, baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, meli za Salem, bandari ya Marekani, zilileta kitambaa cha pamba kiitwacho merikani kwa marobota, na mafundi wetu wakaikata kwa desturi zao.

Joho ni habari nyingine. Tazameni picha za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipozuru London mwaka 1875. Sufu ile ina uzito, na nakshi ya zari huongeza. Ukilivaa huwezi kukimbia wala kubeba mzigo. Linatangaza kwamba wako wanaokubebea. Ninalishona kwa heshima ya ufundi wake, lakini sisahau lilivyosimama juu ya migongo ya watu.

Maana katika enzi ile ile, kwa ada, mtumwa hakufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Utumwa ulipopigwa marufuku hapa Unguja mwaka 1897, walioachwa huru walijitwalia kanzu na kofia. Fikirini mtu mzima anavaa kofia kwa mara ya kwanza na kutoka nayo barabarani mchana. Kwangu mimi hakuna vazi la kiume katika historia yetu lenye utukufu kupita kofia hiyo, hata joho la sultani.

Vijana mafundi, kanzu ya babu iko pale mezani, nimeipiga bandi tu ili ifumuke kwa urahisi. Igeuzeni nje ndani, muanzie kwapani. Anayetaka kiolezo, karatasi na mkasi vipo.