Anna May Wong: Nyota Aliyenyimwa Mwisho Mwema

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Mwigizaji ninayetaka kumzungumzia leo, Anna May Wong, alipendwa na watazamaji wa filamu bubu kwa sura na kipaji chake, lakini Hollywood haikumkubalia kupendwa hadi mwisho katika hadithi hata moja kubwa ya enzi hiyo.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, binti wa dobi wa Kichina, akaitwa Wong Liu Tsong. Akiwa na miaka 14 aliingia katika filamu kwa mara ya kwanza, akiwa mmoja tu wa umati wa waliobeba taa. Mwaka 1922, kabla hajatimiza miaka 18, alipewa nafasi ya mhusika mkuu katika The Toll of the Sea, mojawapo ya filamu za mwanzo za rangi, ambamo msichana wa Kichina anaachwa na mume wake Mmarekani, anamkabidhi mwanawe kwa mke wa pili, kisha anajitosa baharini.

Mwisho wa namna hiyo ulimwandama. Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa asili ya Asia hadi mwaka 1948, na kwa kuwa karibu kila mwanamume mkuu katika filamu alikuwa Mzungu, mhusika wa Anna May alilazimika kufa au kujiondoa.

Mwaka 1928 alihamia Ulaya, na huko Uingereza akaigiza Piccadilly, kazi ambayo mimi naihesabu kuwa bora kuliko zote alizofanya katika sinema bubu. Mteja wa klabu analalamikia sahani chafu. Mwenye klabu anashuka jikoni kutafuta chanzo cha uzembe, anamkuta Shosho, mwosha vyombo, akicheza juu ya meza huku wenzake wameacha kazi wakimtazama. Mtazameni kiuno kinavyokwenda polepole, mikono ikijibu, macho yakiwa tulivu kabisa: hapo hakuna neno lililokosekana. Hata hivyo, Shosho naye anauawa.

Sauti ilipoingia hakuyumba, kwa maana aliweza kuigiza kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Kilichomuumiza ni The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, ambapo nafasi ya mke ilikwenda kwa Luise Rainer, Mzungu, aliyeshinda Oscar kwa nafasi hiyo. Anna May alikataa nafasi ya mwanamke mharibifu aliyobakiziwa, na mwaka 1936 akasafiri kwenda China kuijua nchi ya mababu zake. Mwaka 1951, miaka 10 kabla ya kifo chake, aliigiza kama mhusika mkuu katika tamthilia yake mwenyewe ya televisheni nchini Marekani, na mhusika wake, mfanyabiashara wa sanaa, aliitwa Madame Liu-Tsong.