Moja, mbili, chachu: mazungumzo na wazazi wa nasari, Lamu

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi waalimu mliojibanza huko nyuma kama wageni na hapa ni kwenu, sogeeni mbele. Nimeombwa niseme kuhusu watoto wadogo na skuli. Mimi ni mtu wa boti, kazi yangu kuvusha watu Amu, yaani Lamu mjini, na Mokowe kule bara, kwa hivyo nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu mwaka jana siku nasari walipofunga skuli kwa konseti.

Kwanza mumjue kijana wangu. Kazaliwa Kizingitini, kisiwani Pate, kalelewa na mamangu, alipotimia miaka minne ndo tukamleta hapa Amu aanze PP1, darasa la kwanza la nasari. Sasa nyinyi mwajua sisi Wabajuni, tatu kwetu ni chachu. Wiki ya kwanza tu watoto wanahesabishwa vifuu, ikafika zamu yake akasema moja, mbili, chachu, darasa zima likaangua kicheko manake hapa mjini chachu ni ile ya kuumulia mahamri. Hawakucheka kwa ubaya, ni watoto. Lakini yeye alinyamaza. Na hakunyamaza siku moja jamani, alinyamaza muhula mzima, nyumbani anaongea mpaka usiku tunamwambia lala, skuli hata kuomba kwenda msalani haombi, anarudi suruali imelowa.

Na mimi babake nilikosea. Nilimwambia sema kama wenzio. Nalirudia hapa mbele yenu manake najua wengi wetu tunawaambia watoto wetu vivyo hivyo, tukidhani tunawasaidia.

Mwalimu wake hakuniita skuli kunishtakia. Alikuja mwenyewe siku moja baada ya alasiri, akavua viatu, akakaa mkekani, akamuuliza mtoto kwenu samaki wakiletwa wanahesabiwa vipi? Mtoto kajificha nyuma ya mamake. Hakumlazimisha. Akaomba tumpigie bibi yake Kizingitini, simu ikawekwa spika, akamwambia mama nifundishe kuhesabu kwa kwenu. Basi mwalimu mtu mzima, mzaliwa wa mtaa wa Langoni hapa mjini, amekaa pale anarudia chachu, chachu, na mamangu anamrudisha, hapana mwanangu, si hivyo, sema tena. Mara ya tatu au ya nne hivi kijana akatoka kule nyuma, akamsogelea, akamtamkia mwenyewe. Mwalimu akamwambia ahsante, sasa nimejua.

Hicho ndicho nataka mkichukue leo. Hakumsifu, hakumpigia makofi, alimshukuru kama mtu aliyemfundisha kitu.

Hili si jambo geni kwenye sera na sheria zetu. Ripoti ya Gachathi, ile ya kamati ya serikali kuhusu elimu, tangu 1976 ilisema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya pale walipo, na Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inataka lugha zetu zilindwe. Lakini Amu hii, nasari moja ina mtoto wa Kiamu, wa Kibajuni, wa Kipokomo, na wa watu wa bara waliokuja kikazi, na mwalimu ni mmoja. Hakuna karatasi itakayomtoa nyumbani kwake jioni aende akakae kwenye mkeka wa mtu.

Sasa hiyo siku ya kufunga. Turubai limefungwa uani, wavulana kanzu na kofia, wasichana magauni ya lesi, wazazi kila mmoja simu juu. Wimbo wa darasa letu mwalimu alitunga mwenyewe: watoto wamo ndani ya dau la maboksi, tanga ni shuka kuukuu, wanahesabu samaki, upande mmoja unasema tatu, upande wa pili unajibu chachu. Kijana wangu alipewa pakacha. Mwalimu alimwambia kazi yako ni kutia samaki tu, ukitaka kusema utasema, usipotaka basi.

Mamangu alikuwa njiani na boti ya Kizingitini, na mwajua boti hizo lazima zingoje maji yajae ndo zipite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari. Saa nne, hajafika. Nikamwendea mwalimu, naye ana shughuli kichwani mpaka miguuni, watoto thelathini na kitu, huyu kapoteza kofia, yule analia, na bado alinisikiliza, akaliweka darasa letu mwisho. Mamangu aliingia watoto washapanda jukwaani, leso yote ina maji ya chumvi.

Wakaanza. Moja, samaki ndani. Mbili, samaki ndani. Samaki wa tatu kijana kamshika mkononi, kaganda. Watu wote kimya. Mwalimu alikuwa amechutama chini mbele ya jukwaa, macho yake usawa wa macho ya mtoto, hakumnong'oneza neno, aliinua vidole vitatu tu, akangoja. Alingoja muda mrefu wallahi, mimi ningeshapanda kumtoa. Halafu ikasikika kwenye maiki sauti ndogo, chachu. Na upande wake wote ukaitikia chachu! na ule wa pili nao ukaitikia chachu, wakasahau kwamba wao ni wa kusema tatu. Mamangu alijifunika uso na leso yake.

Wale wanaotaka konseti iwe mashindano, nani kakariri zaidi, nani kavaa ghali zaidi, mimi siko nao. Na mwalimu akibisha mlangoni kwako jioni, usimuulize mtoto kakosa nini. Mkaribishe aketi.

Jumapili iliyofuata nilimchukua kijana kwenye boti, akawa anahesabu maboya ya kuokolea, moja, mbili, chachu. Abiria mmoja akamwambia mwanangu, ni tatu. Akamjibu, "Na tatu pia. Mwalimu asema zote mbili."